Mtoto haongei na vipimo vya kawaida viko sawa: jinsi ya kutafuta chanzo ndani ya jeni

Mtoto wa miaka minne haongei. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na pengine ana kifafa. Kadi yake imeandikwa "mtindio wa ubongo" kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu jingine. Leo zinajulikana jeni zaidi ya 1,000 ambazo zikiharibika zinaweza kuleta hali ya namna hii, na hakuna kipimo kimoja kinachoona kila jeni kwa kila aina ya uharibifu. Kila kipimo kina mahali kisipoona. Jua upofu wa kipimo kabla ya kukilipia, na ukiletewa jibu la "hakuna kitu", uliza kwanza ni nini ambacho hakikutafutwa.

Mwongozo huu ni kwa madaktari wa watoto, wataalamu wa maabara na wanafunzi wa shahada za juu wanaofuatilia chanzo katika familia moja moja.

1. Mweleze mtoto kabla ya kugusa DNA

Anza kwa kuondoa vyanzo visivyo vya jeni, au vile vinavyotibika. Pima usikivu, kwani mtoto kiziwi naye haongei. Pima TSH, homoni inayoiamuru tezi ya shingo, maana katika nchi nyingi za Afrika Mashariki watoto wachanga hawapimwi wote wanapozaliwa. Uliza kuhusu kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano makali ya siku za kwanza, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Lakini usifunge faili ukisikia "alichelewa kulia". Mtoto mwenye tatizo la jeni anaweza kuzaliwa akiwa amelegea na kushindwa kupumua vizuri, na hapo kukosa hewa ni matokeo ya tatizo, si chanzo chake.

Pima mzunguko wa kichwa mara tatu kwa tepu isiyonyumbuka, uchukue kipimo kikubwa zaidi. Mtoto aliyesukwa nywele hupata sentimita ambazo si za kichwa chake, kwa hiyo omba zifumuliwe au andika wazi kwamba zilikuwepo. Wapime na wazazi, kwani kichwa kidogo cha mtoto ambaye baba yake naye ana kichwa kidogo na akili timamu kina maana tofauti. Kisha tafuta kipimo cha siku ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki. Kichwa kilichokuwa kidogo tangu kuzaliwa na kichwa kilichoanza kubaki nyuma baada ya miezi kadhaa ni dalili mbili zinazoelekeza njia mbili. Katika sindromu ya Rett, msichana huzaliwa na kichwa cha kawaida. Kati ya miezi 6 na 18 ukuaji hupungua kasi, kisha hupoteza maneno aliyokuwa nayo na matumizi ya mikono, akaanza kuikamua au kuisugua mikono kama anayenawa.

Andika dalili kwa namba za HPO (kamusi ya kimataifa ya dalili), si kwa maelezo marefu tu: HP:0001249 ni ulemavu wa akili, HP:0001263 ni kuchelewa kwa ukuaji wa jumla, HP:0000252 ni kichwa kidogo, HP:0001250 ni degedege na kifafa. Programu za kuchuja jeni husoma namba hizi. Andika pia dalili ulizozitafuta ukazikosa, kwani kutokuwepo kwa dalili ni taarifa, na mara nyingi husahaulika.

2. Chora ukoo wa vizazi vitatu

Usitosheke kuambiwa "ni ndugu yake" au "kaka yake". Uliza kama ni tumbo moja na baba mmoja, la sivyo mchoro wako utaonyesha ugonjwa ukirithiwa mahali ambapo haukurithiwa. Weka mimba zilizoharibika na watoto waliofariki wachanga.

Upande wa mama una maswali yake. Je, ana kaka au wajomba wenye tatizo kama hili? Je, kuna mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40? Je, babu mzaa mama alianza kutetemeka mikono na kuyumba akitembea baada ya miaka 50? Majibu matatu ya "ndiyo" yanaelekeza moja kwa moja kwenye jeni ya FMR1, ambayo tutairudia.

Uliza pia kama wazazi ni mtu na binamu yake. Ndoa hizi ni za kawaida katika baadhi ya jamii za pwani, za Kisomali na za Oman, na swali liulizwe bila kunung'unika wala kukunja uso. Mtoto wa mabinamu wa kwanza anatarajiwa kuwa na takriban 6.25% ya jenomu yake (DNA yake yote) yenye nakala mbili zinazofanana, zote zikitoka kwa babu au bibi mmoja wa wazazi hao. Humo ndimo utakapoanza kutafuta magonjwa yanayohitaji nakala zote mbili ziharibike.

3. Ridhaa, kisha damu

Kibali cha kamati ya maadili hutangulia. Nchini Tanzania utapitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na nchini Kenya utahitaji kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) juu ya kile cha kamati ya taasisi. Kama sampuli itasafiri nje, mkataba wa kuhamisha sampuli uwe umesainiwa kabla sindano haijatolewa. Fomu ya ridhaa ieleze mambo mawili ambayo watu huyakwepa: tufanye nini tukikuta hatari ya ugonjwa mwingine tusioutafuta, na kwamba kipimo kinaweza kuonyesha kuwa baba anayemlea mtoto si baba wa damu. Amua mapema kwamba habari ya pili haitatolewa kwa familia, na uwaeleze hivyo kabla hawajasaini.

Chukua damu ya mtoto, mama na baba. Kwa mtoto 2 ml zinatosha, kwa mzazi 5 ml, katika chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau. Igeuze taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kwa nguvu, kwani chembe zitapasuka. Bandika lebo palepale mbele ya mgonjwa, ikiwa na vitambulisho viwili. Mashine ya mamilioni haimsaidii mtu aliyechanganya chupa. Chupa ya heparini ni ya karyotaipu tu (kutazama kromosomu kwa hadubini), ambayo inahitaji seli hai. Ukiitumia kwa DNA, mabaki ya heparini huzuia PCR (njia ya kunakili DNA kwa wingi) na utalaumu vitu vingine kwa wiki nzima.

Mtoto aliyeongezewa damu hivi karibuni kwa sababu ya malaria au selimundu ana chembe nyeupe za mtu mwingine mwilini. Subiri wiki kadhaa. Mate nayo hayakuokoi hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya DNA ya mate hutoka kwenye chembe nyeupe hizohizo. Kwa mtoto ambaye damu yake ni ngumu kupatikana, mate yanafaa kwa sharti moja: asile wala kunywa kwa dakika 30 kabla. Kumbuka pia kwamba mate yana DNA ya bakteria, kwa hiyo kiasi unachosoma kwenye mashine si cha binadamu peke yake.

Mililita moja ya damu hutoa takriban mikrogramu 20 hadi 40 za DNA. Uwiano wa 260/280 uwe karibu na 1.8 na ule wa 260/230 uwe kati ya 2.0 na 2.2. Uwiano wa pili ukishuka, kuna mabaki ya chumvi au fenoli, hivyo safisha tena. Kwa kiasi halisi tumia kipimo cha rangi inayong'aa kama Qubit, maana kipimo cha mwanga pekee huhesabu RNA (ujumbe unaonakiliwa kutoka kwenye DNA) na uchafu kuwa DNA. Weka akiba ya angalau mikrogramu 10, kwa sababu kipimo cha Southern, kinachopima urefu wa vipande vya DNA, kinaweza kuzila zote kwa mkupuo.

Kama bajeti inaruhusu, chukua siku hiyohiyo damu katika chupa maalumu ya kuhifadhi RNA. Kurudi kijijini miezi sita baadaye kwa chupa moja ni gharama kubwa, na familia nyingine zitakuwa zimehama.

4. Chagua kipimo kwa upofu wake

Karyotaipu huona kromosomu nzima na vipande vikubwa, takriban herufi milioni 5 hadi 10 kwenda juu. Maikroarei ya kromosomu huona vipande vidogo zaidi vilivyopotea au kuongezeka, na hutoa jibu kwa takriban 15% hadi 20% ya watoto wenye ulemavu wa akili, usonji au kasoro nyingi za mwili. Lakini haioni kromosomu zilizobadilishana vipande bila kupoteza kitu, wala badiliko la herufi moja.

Kusoma eksomu, yaani sehemu za jeni zinazotengeneza protini (chini ya 2% ya jenomu), hutoa jibu kwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu, na zaidi kidogo wazazi wakisomwa pamoja naye. Upofu wake ndio unaowanasa wengi, nao uko mahali patatu.

Kwanza ni marudio. FMR1, iliyogunduliwa mwaka 1991, ina herufi CGG zinazojirudia kabla ya sehemu ya protini. Kawaida ni marudio 5 hadi 44, na kuanzia 45 hadi 54 ni eneo la mpaka. Kuanzia 55 hadi 200 mtu hubeba hali ya awali, inayoweza kuongezeka anapoirithisha mama. Zaidi ya 200, jeni hufungwa kwa alama za kemikali ziitwazo methili na protini haitengenezwi. Hiyo ndiyo sindromu ya Fragile X. Eksomu huipita bila kuiona, hivyo agiza kipimo chake peke yake.

Kipimo hiki kina mitego miwili. CGG nyingi ni ngumu kunakili kwa PCR ya kawaida, kwa hiyo mvulana asiyeonyesha mstari wowote kwenye jeli si lazima awe na marudio zaidi ya 200. Huenda PCR yenyewe imeshindwa, na bila sampuli ya kulinganishia yenye marudio mengi huwezi kujua. Kwa msichana, mstari mmoja unaweza kumaanisha nakala mbili za urefu sawa, au nakala moja ya kawaida na nyingine ndefu isiyonakilika. PCR inayoshikia ndani ya marudio yenyewe hutatua hilo, na kipimo cha Southern au cha methili huthibitisha kama jeni imefungwa.

Pili ni jeni zinazofanya kazi kulingana na mzazi aliyezitoa. Sindromu ya Angelman hutokea nakala ya mama ya UBE3A kwenye eneo la 15q11-q13 la kromosomu ya 15 ikikosekana au kuzimwa. Takriban 70% ya wagonjwa wamepoteza kipande, na maikroarei itakiona. Lakini walio na nakala mbili za baba, au kasoro ya alama za methili, wanahitaji kipimo cha methili. Mtoto mwenye furaha isiyo ya kawaida, anayetembea akiyumba, asiyeongea na mwenye kifafa, aanzie hapo.

Tatu ni jeni zisizotengeneza protini kabisa. Mwaka 2024 iligundulika kwamba RNU4-2, jeni yenye herufi 141 tu ambayo kazi yake ni kusaidia kukata na kuunga RNA, husababisha takriban 0.4% ya matatizo haya, na mara nyingi ni herufi moja tu iliyochomekwa mahali palepale. Watoto hao walikuwa wamesomwa eksomu miaka mingi bila jibu. Kama una jenomu nzima iliyosomwa kwa kina cha 30x (kila herufi ikisomwa takriban mara 30), fungua eneo hilo leo.

5. Kusoma data

Kabla ya kutafuta jeni, hakikisha data ni ya watu unaowadhani. Linganisha jinsia iliyoandikwa na kromosomu X na Y. Pima uhusiano wa damu kati ya mtoto na wazazi kwa programu kama KING au Somalier. Kwa eksomu, wastani wa kina uwe 80x hadi 100x, na angalau 90% ya maeneo lengwa yafikie 20x. Tumia GRCh38, toleo la ramani ya rejea ya jenomu, kwa wote watatu. Kuchanganya matoleo ya ramani huzalisha mabadiliko ambayo hayapo.

Kisha chuja. Badiliko jipya, ambalo mtoto analo na wazazi hawana, ndilo chanzo kinachopatikana zaidi pale ambapo wazazi si ndugu. Tarajia moja au mawili kwenye eksomu ya mtoto. Ukikuta makumi, hujagundua ugonjwa mpya: chupa zimebadilishana, au baba si baba. Badiliko la kweli huonekana katika takriban nusu ya vipande vilivyosomwa vya mtoto (kati ya 30% na 70%) na halionekani kwa wazazi. Lifungue kwenye IGV, programu inayoonyesha vipande vilivyosomwa, na ulitazame kwa macho. Mzazi mwenye vipande 3 kati ya 60 vyenye badiliko hilo si kelele za mashine za kufutwa. Anaweza kuwa na badiliko hilo katika baadhi tu ya seli zake, na hesabu ya hatari kwa mtoto anayefuata inabadilika kabisa.

Chuja kwa kiwango cha kupatikana katika gnomAD, kanzidata ya mabadiliko ya DNA ya watu wengi. Kwa ugonjwa mzito unaohitaji nakala moja, badiliko lisiwepo kabisa au liwe nadra sana. Kwa ugonjwa wa nakala mbili, liwe chini ya 1%.

Hapa mtafiti wa Afrika Mashariki anapaswa kuwa mkali kuliko mwenzake wa Ulaya. Mtu mwenye asili ya Afrika ana mabadiliko mengi zaidi ukimlinganisha na ramani ya rejea, takriban milioni 5 katika jenomu nzima, na makundi mengi ya watu wetu hayamo kwenye kanzidata. Kwa hiyo "halipo gnomAD" kwa mtoto wa Kilifi au Mwanza ni ushahidi dhaifu kuliko kwa mtoto wa London. Linaweza kuwa jambo la kawaida kabisa katika kijiji chake. Kinga ni kuwasoma wazazi wote wawili kila inapowezekana, na kulinganisha na data ya watu wa eneo lilelile. Mradi wa NeuroDev, unaofanyika Kilifi kupitia KEMRI-Wellcome Trust na pia Cape Town, ulianzishwa kwa kuona pengo hili.

6. Kupima uzito wa ushahidi

Tumia vigezo vya mwaka 2015 vya ACMG na AMP, vyama vya Marekani vya jenetiki ya tiba na patholojia ya molekuli, vinavyogawa mabadiliko katika madaraja matano kutoka salama hadi chanzo cha ugonjwa. Kosa la kwanza ni kutoa uzito mkubwa kwa kila badiliko linalokatiza protini. Kikatizo kilicho kwenye eksoni (kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA) ya mwisho, au ndani ya herufi takriban 50 za mwisho za eksoni iliyo kabla yake, kwa kawaida hakifanyi RNA iharibiwe, na protini fupi inaweza kuendelea kufanya kazi.

Kosa la pili ni kutojua jeni inaharibu kwa njia gani. SCN2A ni mfano unaogusa hadi dawa. Mabadiliko yanayoongeza nguvu ya mlango wa sodiamu (tundu la neva linalopitisha sodiamu) huleta kifafa kinachoanza mara nyingi kabla ya miezi 3, na dawa zinazoziba milango ya sodiamu, kama fenitoini na kabamazepini, husaidia. Yanayopunguza nguvu hiyo huleta usonji au kifafa kinachoanza baadaye, na dawa hizohizo zinaweza kuzidisha hali. Kwa SCN1A, ambayo kuharibika kwake huleta sindromu ya Dravet, kabamazepini huepukwa. Ndiyo maana kuandika "badiliko katika jeni ya kifafa" bila kutaja mwelekeo wake ni kazi nusu.

Kosa la tatu ni la majina. MECP2, jeni ya sindromu ya Rett, ina protini mbili, moja ya asidi amino 486 na nyingine ya 498. Badiliko maarufu la T158M katika ya kwanza ni T170M katika ya pili. Ukitafuta kwa jina moja tu, utasema badiliko halijawahi kuripotiwa huku limeripotiwa kwa mamia ya wasichana. Andika namba ya nakala ya RNA ya rejea uliyoitumia kila mara.

Badiliko la daraja la kati, lenye maana isiyojulikana, lisibadilishe matibabu wala ushauri wa uzazi. Familia itakushinikiza, na hata daktari aliyemtuma mtoto, lakini shikilia hapo.

7. Kuthibitisha ndani ya seli

Amua swali moja kabla ya kufungua friza. Kama shaka ni ukataji wa RNA, angalia kwanza kama jeni hiyo hufanya kazi kwenye damu, kwani jeni nyingi za ubongo hazifanyi. Kipande kidogo cha ngozi hutoa faibroblasti (seli za tishu ya ngozi), na hizo huonyesha jeni nyingi zaidi. Zigawe mafungu mawili, moja ulitie sikloheksimidi (dawa inayozuia seli kuharibu RNA mbovu) kwa saa chache, kisha linganisha. RNA mbovu itakayoonekana kwenye fungu lenye dawa pekee ndiyo ile ambayo seli ilikuwa ikiiharibu, na bila dawa ungesema haipo.

Kama shaka ni mlango wa ioni, ingiza jeni yenye badiliko kwenye seli za maabara za HEK293 na upime mkondo wa umeme. Ni haraka na jibu huwa safi kuliko kuanza na neva.

Seli shina zilizotengenezwa kutoka ngozi au damu ya mtoto ziwe hatua ya mwisho, kwa sababu zinakula fedha na muda. Kwa kuwasha jeni ya NGN2 hugeuka neva ndani ya takriban wiki 2 hadi 3. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa kuliko tofauti inayoletwa na mabadiliko mengi, hivyo kumlinganisha mgonjwa na jirani yake mzima hakutoshi. Rekebisha badiliko kwa CRISPR (mkasi wa kuhariri DNA) ndani ya seli za mgonjwa huyohuyo, tumia angalau koloni (kundi la seli zilizotokana na seli moja) mbili au tatu kwa kila upande, na upime maikoplasma (bakteria wanaochafua seli za maabara) kila mwezi. Kagua kromosomu mara kwa mara, hasa ongezeko la eneo la 20q11.21 la kromosomu ya 20, ambalo huzipa seli nguvu ya kukua na kuzimeza nyingine.

MECP2 ina njia ya mkato. Kila seli ya msichana huzima X moja, kwa hiyo kutoka kwa mgonjwa mmoja unaweza kupata koloni inayotumia nakala nzima na nyingine inayotumia nakala mbovu, zote zenye jenomu ileile. Hakikisha tu X iliyozimwa haijaanza kufunguka, jambo linalotokea seli zikikuzwa muda mrefu.

8. Kurudisha jibu, au kurudi mwanzo

Thibitisha badiliko kwa njia ya Sanger (kusoma kipande kimoja cha DNA kwa wakati) kwenye sampuli mpya, si kwenye DNA ileile, kabla ya kuiambia familia. Kwa badiliko jipya, hatari ya kurudia kwa mtoto mwingine huwekwa takriban 1% na si sifuri, kwa sababu mzazi anaweza kulibeba katika mbegu au mayai pekee. Kwa ugonjwa wa nakala mbili ni 25% kwa kila mimba.

Jeni mpya isiyojulikana haithibitishwi na familia moja, hata kama seli zimeonyesha kasoro. Iweke GeneMatcher na DECIPHER, mitandao inayokutanisha watafiti wenye wagonjwa wanaofanana, pamoja na dalili kwa namba za HPO, usubiri familia nyingine ijitokeze. Kwa watoto wasio na jibu, hifadhi data ghafi na si orodha ya majibu peke yake, andika toleo la kila kanzidata na tarehe uliyoitumia, kisha pitia upya kila mwaka mmoja au miwili. Anza na jeni zilizoripotiwa tangu mara ya mwisho, kisha maeneo ambayo kina cha usomaji kilikuwa chini ya 20x.